Fuko gani yuko shambani kwako? Namna ya kumtambua fuko-dhahabu na kumtofautisha na fuko wa Ujiji

Nilipoanza kufundisha baiolojia Kigoma niliandika ubaoni: "Fuko ni kipofu, hana masikio ya nje, anakula minyoo na wadudu." Nilikuwa nimeinakili kitabuni neno kwa neno. Kesho yake asubuhi mwanafunzi wa kidato cha pili akanisubiri mlangoni na ndoo iliyofunikwa kanga.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuletea fuko wa kwetu Simbo. Huyu minyoo hali, kamaliza muhogo wa bibi."

Nikafunua. Ndani mlikuwa na mnyama wa rangi ya kijivu-kahawia, mnene, meno yake manne yamechomoza nje ilhali mdomo umefumbwa. Darasa zima likanitazama. Nikasema nitajibu kipindi kijacho, na hicho kipindi kijacho kilinichukua miaka kukifikia.

Kitabu hakikukosea, na yule kijana hakukosea. Neno fuko ndilo limebeba mizigo mingi. Kila kinyama kinachoishi chini na kuinua udongo tunakiita fuko, wakati wataalamu wanawagawa katika koo zisizo na undugu wa karibu kabisa. Fuko wa Ulaya, ambaye huku hayupo, ni wa ukoo mmoja. Fuko mla mihogo ni panya. Na yupo wa tatu, fuko-dhahabu, ambaye kwa sura unaweza kumfananisha na yule wa Ulaya, lakini ndugu zake ni tembo, nguva, pimbi, mhanga na sange. Mwongozo huu ni wa kumjua huyo wa tatu, na kumjua vizuri kiasi cha kutomwita kwa jina lake mnyama asiye yeye. Mla mihogo, ndiye fuko wa Ujiji, nitamwita panya-fuko ili tusipotezane njiani.

Kabla ya kutoka nyumbani

Chukua rula, daftari, kalamu ya risasi (ya wino hufutika ikilowa), simu yenye kamera, glavu au mifuko miwili ya plastiki, na kopo lenye mfuniko. Ukiwa na lenzi ya kukuzia, ni nzuri. Usiponayo si kitu.

Usichimbe kumtafuta mnyama. Kukamata wanyamapori bila kibali kunakugonganisha na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na hata bila sheria hiyo, anayechimba huharibu alama zote alizokuja kuzisoma. Mnyama utampata kwa njia nyingine: paka atamleta barazani, mvua itamtoa, au jembe litamkuta wakati watu wanalima. Ukimpata amekufa, usimshike kwa mkono mtupu. Geuza mfuko wa plastiki nje ndani, mshike nao, kisha urudishe. Nawa kwa sabuni.

Soma udongo kwanza

Wakati mzuri kwetu ni kuanzia mvua za Novemba mpaka zinapokaribia kuisha, udongo ukiwa laini. Kiangazi ardhi ya Kigoma inakuwa ngumu kama sakafu, na wachimbaji wote hushuka chini zaidi.

Pita shambani asubuhi jua halijapanda. Ukiona tundu lililo wazi, lenye njia iliyosuguliwa mlangoni, huyo si fuko wa aina yoyote. Ni panya wa kawaida au panya buku, kwa kuwa fuko huziba mlango wake. Ukiona vifusi vya udongo vimefuatana, kimoja hapa, kingine hatua mbili tatu mbele, havina tundu, na kando yake shina la muhogo limelegea, huyo ni panya-fuko. Hukata udongo kwa meno, huusukuma nyuma kwa miguu, kisha huutoa juu.

Fuko-dhahabu anapotafuta chakula hupita karibu sana na uso wa ardhi, akisukuma udongo juu kwa kichwa na mabega. Anachoacha ni mstari ulioinuka, wenye nyufa, unaopinda huku na kule kama kamba iliyofukiwa. Ukiukanyaga unabonyea. Ana pia njia za chini zaidi ambazo udongo wake hutolewa juu kama vifusi vidogo, hivyo kifusi peke yake kisikupe uhakika. Mstari una uzito zaidi.

Kuna jaribio moja rahisi. Toboa njia kwa kijiti, ukae kando kimya, usitembetembee. Panya-fuko hapendi hewa na mwanga viingie kwake. Mara nyingi huja kuziba. Utaona udongo unasukumwa kutoka ndani, na ukibahatika utaona meno.

Mdomo ndio ushahidi

Hapa usiwe na haraka. Macho ya fuko yanadanganya, rangi inadanganya, ukubwa unadanganya. Meno hayadanganyi.

Nyanyua mdomo kwa kijiti. Panya-fuko ana meno mawili marefu juu na mawili chini, kama patasi, kisha pengo kubwa, kisha magego nyuma. Hilo pengo ni alama ya panya wote duniani. Meno ya mbele yanaota maisha yake yote, na midomo yake hufunga nyuma ya meno hayo, ndiyo maana anaweza kung'ata udongo siku nzima bila kuumeza. Tazama rangi yake pia. Yakiwa meupe, ni wa ukoo wa fuko wetu wa Ujiji. Yakiwa ya rangi ya chungwa, na mnyama ana vijisikio na mkia unaoonekana vizuri, umempata mchimbaji mwingine wa nchi za milimani, ambaye naye ni panya ila wa ukoo mbali.

Fuko-dhahabu hana pengo. Ana meno madogo yenye ncha, yamejipanga mfululizo kutoka mbele mpaka nyuma, 40 kwa spishi nyingi. Ni meno ya kushika na kukatakata vyenye nyama: minyoo ya ardhini, mchwa, funza wa mbawakawa. Mdomo wenyewe umejificha chini ya pua, na midomo inafunga juu ya meno, kwa hiyo ukimtazama kwa mbele huoni jino hata moja. Muhogo angeuweka wapi?

Yupo mmoja wa kukuchanganya: kirukanjia. Naye ana meno ya ncha, naye paka humuua akamwacha bila kumla kwa sababu ya harufu. Lakini kirukanjia ana macho, ana masikio na ana mkia. Ukiviona vitatu hivyo, funga daftari.

Macho, masikio, pua

Fuko-dhahabu macho yake yamefunikwa na ngozi, na juu ya ngozi pana manyoya. Hata ukipuliza manyoya hutaona kijitundu. Panya-fuko ana macho kweli, madogo kama mbegu ya mchicha, na hufumbua. Kwa hiyo ile sentensi yangu ya "fuko ni kipofu" ilimfaa mmoja tu.

Masikio ya nje hayapo kwa wote wawili, basi usipoteze muda hapo. Nenda puani. Fuko-dhahabu ana pua pana ya ngozi ngumu, isiyo na manyoya, kama kiraka kilichoshonwa mbele ya uso. Anaitumia kusukumia udongo.

Kusikia kwake ni habari nyingine. Ndani ya sikio lake kuna kifupa kinachoitwa nyundo, ambacho hata sisi tunacho, kidogo mno. Kwa baadhi ya spishi za fuko-dhahabu kifupa hicho kimekuwa kikubwa kupita kiasi ukilinganisha na mwili, na kinanasa mitikisiko ya ardhi. Spishi ya jangwa la Namib, ambayo ni miongoni mwa wadogo kabisa, kama sentimita 8 tu, huogelea ndani ya mchanga bila kuacha njia nyuma yake, kisha husimama na kuzamisha kichwa mchangani, ikisikiliza kishindo cha mchwa kwenye vichaka vya nyasi. Ndiyo maana nimekuambia usitembetembee. Wewe hujamwona, yeye ameshakusikia tangu ulipotoka barabarani.

Hesabu kucha

Mguu wa mbele wa fuko-dhahabu una vidole vinne, na ukucha wa tatu ni mkubwa, mnene, umechongoka kama ncha ya sururu. Huo ndio unaochimba. Mguu wa nyuma una vidole vitano vilivyounganishwa na utando, kama bata, wa kusukumia udongo nyuma.

Panya-fuko ana vidole vitano mbele, kucha ndogo tu. Kazi nzito anafanya kwa meno.

Ukipata mfupa mtupu, tazama mkono. Mfupa wa juu wa mkono wa fuko-dhahabu ni mfupi na mpana, una vijipembe vya kushikia misuli. Chini ya kiwiko utahesabu kama mifupa mitatu mahali ambapo wewe na mimi tuna miwili. Wa tatu asili yake ni mshipa mgumu wa msuli uliogeuka mfupa, kwa ajili ya kuvuta ukucha kwa nguvu. Mara ya kwanza niliposoma habari hiyo nilikwenda kuhesabu mkono wa mifupa ya kuku sahanini, kama mtu aliyepoteza imani na vitabu.

Mkia na manyoya

Mkia: fuko-dhahabu hana unaoonekana. Panya-fuko ana kijimkia kifupi chenye nywele ngumu pembeni.

Manyoya sasa. Mtoe kivulini, mweke juani, umgeuze polepole. Manyoya ya fuko-dhahabu yanacheza rangi: shaba, kijani, zambarau, buluu, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji pale bandarini. Hizo si rangi za kupakwa. Mwaka 2012 watafiti walichunguza nywele zake na kukuta zimebapa, na magamba yake yamepangwa tabaka juu ya tabaka, nyembamba mno, kiasi kwamba mwanga unarudi umegawanyika. Mnyama asiyeona amevaa vazi la kumeremeta. Maelezo yanayoeleweka zaidi ni kwamba nywele laini za kubapa zinamsaidia kuteleza udongoni bila kuchafuka wala kulowa, na kung'aa kumekuja kama nyongeza. Wala usitarajie dhahabu ya sonara. Wengi wana rangi ya kahawia iliyokoza, na mng'ao huonekana kwa pembe fulani tu. Panya-fuko aliyelowa naye hung'aa kidogo, ndiyo sababu hatua hii nimeiweka baada ya meno.

Jinsia usijisumbue. Fuko-dhahabu ana tundu moja tu la haja na uzazi, na korodani za dume ziko ndani ya tumbo. Kwa nje dume na jike hawatofautiani kwa jicho la kawaida.

Upime, upige picha

Urefu toka puani mpaka mwisho wa mwili. Picha: ubavu, tumbo, mdomo ukiwa wazi, miguu ya mbele, rula ikionekana. Andika tarehe, kijiji, aina ya udongo, nani aliyempata na vipi. Picha bila mahali haina kazi.

Ni yupi unayemtarajia, na wapi

Ukiwa Ujiji, Simbo au mashamba ya jirani, karibu kila "fuko" utakayeletewa ni panya-fuko. Usisikitike, kwa sababu huyo naye ana historia. Mwaka 2017 watafiti wa London, wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro na wa Pretoria walitangaza kwamba panya-fuko wa maeneo ya Ujiji ni spishi ya peke yake, na wakamwita Fukomys livingstoni, kwa heshima ya Livingstone aliyekutana na Stanley hapo Ujiji mwaka 1871. Pamoja naye walimtangaza mwingine wa Hanang. Na hilo jina la Fukomys limetokana na neno letu wenyewe, fuko. Bibi wa yule mwanafunzi alikuwa akigombana miaka yote na mnyama ambaye sayansi ilikuwa bado haijampa jina.

Fuko-dhahabu wa upande wetu wa Afrika ni mnyama wa milimani zaidi. Anaitwa wa Stuhlmann, Mjerumani aliyekuwa kwenye msafara wa mpelelezi Emin Pasha, uliopita Tabora mwaka 1890. Alipewa jina la kisayansi mwaka 1894. Anapatikana kwenye safu ya Rwenzori, milima ya Rwanda na Burundi, sehemu za Kenya, na hapa nchini kwenye nyanda za juu kama za Rungwe. Kwa hiyo ndugu zangu wa Buhigwe na Kasulu, mnaolima migomba na maharage kwenye vilima vinavyoungana na Burundi, ninyi ndio wenye sababu kubwa ya kutazama chini. Wa Tabora na tambarare za Uvinza, kazi yenu zaidi ni kumjua panya-fuko.

Spishi zote za fuko-dhahabu ni 21, zote za Afrika kusini ya Sahara, nyingi zaidi ziko Afrika Kusini. Mkubwa wao huzidi sentimita 20. Na usione aibu ukikosea jina. Mwaka 1758 Linnaeus, baba wa majina ya kisayansi, alimwandika fuko-dhahabu wa Cape kama fuko wa Asia, na jina hilo la asiatica bado anatembea nalo mpaka leo, yeye ambaye Asia haijui.

Ukishamjua, ufanye nini

Akiwa fuko-dhahabu, mwache. Huishi peke yake, hali mazao yako, na anapunguza funza. Hasara yake ni kuinua mizizi ya miche michanga anapopita, nayo inatibika kwa kukanyagia udongo urudi. Chakula kikipungua au baridi ikizidi hushusha joto la mwili na kulala kama amezimia, hivyo ukimkuta baridi na hajongei usimtupe jalalani upesi. Mweke kivulini juu ya udongo mlaini, usubiri. Wengi wa jamaa hii hawahitaji hata kunywa maji, figo zao zinabana kila tone. Jike huzaa mara nyingi watoto wawili.

Akiwa panya-fuko, ujue huyo si mmoja. Wanaishi familia nzima, jike mmoja ndiye mzazi, watoto wake wakubwa hubaki nyumbani wakichimba na kubeba chakula. Kwa jamaa zake waliofugwa maabara, wazazi wamezidi miaka 20. Basi mtu anayeua mmoja na kutangaza ushindi, wiki ijayo atakuta vifusi vipya. Kuvuna muhogo mapema na kulima kwa kina kunasaidia. Sumu siipendekezi: anayeokota mzoga ni bundi, na bundi ndiye anayekuzuia usizidiwe na panya.

Njia ya bundi

Kama hujapata mnyama, na wengi hawatampata, ipo njia ya wavivu wenye subira. Bundi humeza mawindo mazima, kisha hutapika bonge la manyoya na mifupa. Mwaka 1964 huko Somalia yalipatikana mabaki kwenye bonge kama hilo, yakampa jina fuko-dhahabu mmoja mwaka 1968, na hadi leo hayo ndiyo yote yanayojulikana juu yake. Hajawahi kuonekana mzima.

Tafuta mwembe mkubwa, dari la ghala au mnara ambamo bundi hulala. Watu watakuuliza unatafuta nini kwa ndege wa uchuro. Waambie ukweli, watacheka, na kesho watoto wao watakuletea mabonge zaidi ya unavyohitaji. Okota kwa glavu. Yaloweke kwenye maji yenye sabuni usiku kucha, kisha uyachambue kwa sindano mbili juu ya sahani nyeupe. Toa mafuvu, yasugue kwa mswaki wa zamani, yaanike.

Fuvu lenye meno ya patasi na pengo ni panya. Fuvu refu jembamba, lenye meno ya ncha, lisilo na mfupa wa shavu ubavuni, ni kirukanjia. Fuvu lenye umbo la pia, jembamba mbele na pana nyuma, upana wake umezidi nusu ya urefu, meno ya ncha yamefuatana bila pengo na mifupa ya mashavu ipo, hilo lifunge kwenye pamba, uliweke ndani ya kopo, uandike mahali na tarehe, umpigie afisa wanyamapori wa wilaya au wataalamu wa Sokoine. Usilipeleke kwanza kwenye mitandao.

Huko Afrika Kusini wamekwenda hatua zaidi. Fuko-dhahabu wa De Winton hakuwa ameonekana tangu miaka ya 1930. Watafiti walimpeleka mbwa aliyefundishwa kunusa njia zake ufukweni Port Nolloth, wakachota mchanga na kupima chembe za vinasaba zilizobaki humo, na Novemba 2023 wakatangaza kwamba bado yupo. Sisi mbwa huyo hatuna, ila bundi tunao.

Kopo langu liko kwenye rafu ya maabara, chini ya picha ya jedwali la elementi. Lina mafuvu ya mwembe mmoja wa Ujiji na mengine ambayo wanafunzi waliyaleta kutoka Heru Juu. Panya ni wengi, virukanjia wachache, panya-fuko wawili, mmoja bado mchanga. La umbo la pia halijaingia. Yule mwanafunzi wa ndoo sasa analima Buhigwe, na kila mvua zikianza ananipigia: "Mwalimu, nimeona mstari." Nami namuuliza swali lilelile: meno umeyaona?